Zamu ya Kuwasha Taa

Jumanne nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Kisumu, nikingoja balbu yangu, mama mmoja kutoka Ahero alipofungua leso juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na swichi, ile ya kuwashwa kwa simu. Ilikuwa imekufa.

"Mama, achana na hii," muuzaji akamwambia. "Nikupee ya kawaida. Unabonyeza tu."

"Ya kubonyeza najua. Hii, kijana yangu anawasha akiwa Doha. Taa ikiwaka, najua ametoka kazi salama. Mimi nikienda kulala nazima, na yeye anaona kwa simu yake."

"Na akichelewa?"

"Nakaa na giza. Namngoja."

Muuzaji aliifungua swichi, akakaza waya uliolegea, akaiunganisha na balbu ya kaunta na intaneti ya duka. "Mpigie ajaribu."

Mama akapiga simu. Punde balbu ikawaka, hakuna aliyeigusa.

"Oimore, wuoda," akaiambia balbu, akimtakia mwanawe jioni njema saa sita mchana. Kisha akaizima.

"Mama! Si tuone kwanza kama imeshika?"

"Lazima nimjibu."

Wapo wanaosema vitu hivi vinatufanya wavivu hata wa kunyanyua kidole. Huenda. Lakini mama huyu huketi gizani jioni, swichi iko pale karibu na mkono wake, na kidole hanyanyui. Zamu si yake.