Viatu vya Mgonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Meneja wa Wafanyakazi alinipeleka langoni kabla ya zamu ya asubuhi kuingia, akanisimamisha kando ya mashine ya kupiga kadi, akasema, "Usiangalie nyuso. Uso ni wa kudanganyia. Angalia viatu." Kiwanda kilikuwa cha ngozi, upande wa Kinanie, na harufu yake ilikuwa ikiingia kwenye nguo inakataa kutoka hata ufue mara ngapi. Mimi nilikuwa kijana wa Kathiani, na viatu nilivyovaa nilikuwa nimeviazima kwa binamu yangu. Meneja alivitazama, akacheka kwa pua. "Hivyo navyo si vyako," akasema. Nikajua nimepata mwalimu.

Cheo changu kilikuwa taimkipa. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, na mashine iliipiga muhuri wa saa anapoingia na anapotoka. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna anayempigia mwenzake. Mnafikiri ni kazi ndogo? Nilimkamata mmoja ana kadi nne mfukoni, amezipanga vizuri kama mtu anayecheza karata. Meneja alifurahi sana siku hiyo, na baada ya miaka miwili akanipandisha kuwa mkaguzi wa ofu.

Ofu ni ruhusa ya ugonjwa. Mtu akikosa siku tatu, nilitumwa nyumbani kwake bila taarifa, na saa zangu zilikuwa saa nne asubuhi. Mapema zaidi ya hapo hata mzima yuko kitandani, na ukichelewa mwongo ameshapata habari kwamba uko njiani. Nilikuwa na fomu. Chini kabisa ilikuwa na visanduku viwili, kimoja kimeandikwa Mgonjwa na kingine Mzima. Cha tatu hakikuwepo.

Nilijifunza mbinu zangu mwenyewe. Ukiingia, salimia kwa upole, ulizia watoto, halafu angusha kalamu. Ukiinama kuiokota, angalia viatu chini ya kitanda. Vikiwa na tope bichi, mgonjwa wako ametoka shambani sasa hivi, amerukia blanketi. Vikiwa vikavu na vumbi limelala juu yake, huyo anaumwa kweli. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Ndithini aliyefungwa bendeji mguu wa kushoto. Nilitoka nje nikajifanya nimesahau mwavuli, niliporudi bendeji imehamia mguu wa kulia. Aiya! Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, na barua ya onyo akaipata vilevile.

Meneja wa Uzalishaji, aliyekuja baadaye, alikuwa akinitania mbele ya watu, "Nzioka ni dawa. Akitumwa kwa mgonjwa, mgonjwa anapona." Nililipenda sana neno hilo. Nalisema wazi kwa sababu nikilificha hamtaelewa kilichofuata.

Kilichofuata ni Mutua. Alikuwa katika chumba cha chokaa, pale ngozi mbichi zinapolowekwa ili manyoya yaachie, na alisimamia mashine ya kukwangua nyama na mafuta. Ni mashine yenye visu, haitaki mtu mwenye mawazo mengi. Miaka yote niliyomjua kadi yake haikuwahi kuchelewa. Kisha ikaanza kuchelewa. Msimamizi wake akaniambia Mutua anasimama mbele ya mashine kama mtu aliyesahau kwake, ukimwita mara mbili hasikii. Halafu akakosa wiki nzima.

Nilipanda kwake, ng'ambo tu ya kilima chetu. Nilimkuta amelala ameangalia ukuta, macho wazi. Sikuona homa wala kidonda. Karatasi za hospitali zilisema hana malaria, hana taifodi, hana sukari. Nikaangusha kalamu. Viatu vilikuwa vikavu, vumbi limelala.

"Mutua, unaumwa wapi?" nikamuuliza.

"Mzee, hata mimi sijui. Nikiamka naona siku ni ndefu sana. Sina nguvu ya kuvaa shati."

"Shati? Shati lina kilo ngapi?"

Akageukia ukuta tena.

Kwa kanuni yangu mwenyewe, viatu vile vilikuwa vya mgonjwa. Lakini nilitafuta kitu cha kushika kwa mkono nikakikosa, na mimi nilikuwa nachukia kuchezewa. Nilitia alama kwenye Mzima. Halafu, bila kuulizwa na mtu, nikaongeza neno pembeni: mvivu. Mwezi haukuisha, Mutua akaachishwa kazi. Usiku wa siku hiyo nililala vizuri tu.

Miaka yangu ya mwisho alikuja Meneja wa Wafanyakazi mwingine, mama mdogo kwa umri, msomi. Akaleta kaunsela kila Jumatano, chumba kimoja karibu na kliniki, mfanyakazi aingie aongee mambo yake. Aongee! Nilijua mara moja huo ni mtego. Watu wataingia waseme wamechoka, jioni orodha iko mezani, na mwisho wa mwezi wanapunguzwa. Basi nikahamisha kiti changu hadi dirisha linalotazama mlango ule, na kila aliyepita na chai nilimnong'oneza, "Chunga mdomo."

Meneja aliniita. "Mzee Nzioka, ukikaa pale dirishani hakuna mtu ataingia."

"Ndiyo maana nakaa, madam."

Akasema taratibu, "Wewe umewahi kumwamini nani?" Nikaona hilo ni swali la dharau. Kiti sikukihamisha mpaka nilipostaafu.

Nikastaafu kwa keki, hotuba na saa ya ukutani. Mwaka wa kwanza nilikuwa sawa. Nilitengeneza matuta ya shamba, nikapanda mbaazi na ndengu, nikagombana na majirani kuhusu mipaka kama mtu mwenye afya. Siwezi kuwaambia siku gani ilianza. Usingizi ulinikimbia kwanza. Kisha muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe ninayoyapenda tangu utotoni, ukawa kama kutafuna karatasi. Niliacha kwenda kanisani, nikasema goti linauma. Mvua za vuli zikaja, Kathiani nzima iko shambani, mimi niko kitandani nasikiliza majembe ya wengine.

Mke wangu, Mama Mueni, alinipeleka kupimwa. Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Sukari hakuna. Karatasi zile nilikuwa nimezisoma zamani kwa mtu mwingine.

Nikaanza kushuku. Nilimshuku jirani kwa ajili ya mpaka. Nilishuku maji ya tangi. Nilimshuku hata Mama Mueni, nikawa namwambia aonje uji kwanza, na yeye, mama wa watu, akawa anaonja huku machozi yanamtoka. "Baba Mueni," akaniambia, "mficha maradhi kifo humuumbua." Nilimjibu kwa ukali kwamba sina maradhi, nimepimwa. Kichwani nilikuwa nimeshajijazia fomu: Mzima. Mvivu. Na asubuhi nyingine nilikuwa nikifikiri ni afadhali nisingeamka kabisa, na wazo hilo halikunitisha, nililizoea. Sasa ndilo linalonitisha kuliko yote.

Siku moja, saa nne asubuhi, mlango ukabishwa. Nikasikia Mama Mueni akimkaribisha mtu, na mtu huyo akaingia mpaka chumbani. Alikuwa Mutua, amenenepa kidogo, ana mvi. Nilisema moyoni, huyu amekuja kulipiza, na wakati wake ameuchagua vizuri.

Alisalimia kwa upole. Aliulizia watoto. Kisha akainama, bila hata kuangusha kalamu, akavuta viatu vyangu chini ya kitanda. Akapitisha kidole juu ya vumbi.

"Mvua yote hii, Mzee, na viatu ni vikavu."

"Goti linauma."

"Mimi pia niko na goti. Sikiza. Nitarudi Jumanne saa kama hizi. Nikivikuta hivi tena, tunaenda hospitali ya Machakos pamoja. Kuna kaunsela pale. Ndiye aliniinua mimi."

Kaunsela! Siku zote hizo nilizokuwa nasubiri Jumanne sikuwaza kupona. Niliwaza jinsi ya kumshinda Mutua. Nikienda kule wataandika jina langu, na Kathiani nzima itasema mkaguzi ameingiwa na kichaa. Jumanne Mama Mueni alienda sokoni. Nikajikokota mpaka mlangoni na jagi la maji, nikachanganya udongo, nikavipaka viatu tope kwa mikono yangu, pembeni na kwenye soli. Nikaviacha hapo kizingitini, nikaketi kwenye kiti nimevaa shati safi. Lile shati lilinichukua muda kulifunga vifungo. Nilikuwa nahema.

Mutua alifika. "Umeamka, Mzee!"

"Nimetoka shambani sasa hivi. Viatu si hivyo?"

Akaokota kimoja, akakigeuza, akakubali kwa kichwa. Halafu akatia mkono ndani. Alipoutoa, vidole vilikuwa vimejaa utando mweupe.

"Buibui amelea watoto humu," akasema. "Hiki kiatu hakijaona mguu mwezi mzima."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, kiatu mkononi.

"Watu walikuwa wanajifanya wagonjwa mbele yako, Mzee. Wewe unajifanya mzima. Kwa ajili ya nani?"

Nilitaka kumfokea. Mdomo ulifunguka, kilichotoka ni kilio. Nililia mbele ya mtu niliyemfukuzisha kazi, kamasi na yote, shati safi likalowa. "Niliandika wewe ni mvivu," nikasema.

"Najua. Nilisomewa ile fomu."

"Sasa umefuata nini kwangu?"

"Sitakudanganya. Nilisikia umelala vile nililala mimi, nikafurahi, Mungu anisamehe. Siku ile ya kwanza nilikuja nikuone ukiwa chini. Nikaona viatu, furaha ikaisha. Mtu wa viatu hivyo namjua. Dada yangu asingenibeba kunipeleka, leo singekuwa hapa."

Basi nilishinda mashaka yangu? Hata! Mutua alinipeleka Machakos, na kwa kaunsela niliketi karibu na mlango. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, na daftari. Nilianza mimi kumhoji. "Unamwandikia nani hiyo ripoti?" Akaligeuza daftari, akalisukuma kwangu nisome. Alikuwa ameandika: Amekuja. Hajalala vizuri muda mrefu. Haamini mtu. Nililisoma mara mbili nikitafuta uongo, nikaukosa.

Aliniuliza wazi kama ninafikiria kufa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, na niliposema ndiyo, hakuruka kwenye kiti. Aliniambia nina ugonjwa, una jina, ni sonona, wengi hapa wanauita depresheni. Akaeleza kwamba hauonekani kwenye kipimo cha damu, lakini una dalili, na akazitaja: usingizi, chakula, nguvu kuisha, kuacha uliyoyapenda, kujiona huna maana. Ni dalili zangu. Ni za Mutua pia, zote nilikuwa nimezitazama nikiwa na kalamu mkononi. Alinipeleka kwa daktari nikapewa dawa, na kila wiki tukaongea, na kila wiki akanipa kazi ndogo. Ya kwanza ilikuwa kumwagilia miche mitano. Nilimshuku, nikamwagilia minne kusudi nione kama atajua. Wiki iliyofuata nikajikuta namwambia mwenyewe.

Haikuwa dawa ya siku moja. Ilichukua miezi kabla sijasikia tena ladha ya muthokoi. Siku hiyo nilimwomba Mama Mueni msamaha kwa ajili ya uji, na yeye akaniambia nile kwanza, maneno baadaye.

Vijana mnaoingia ofisi za wafanyakazi mnaniuliza nina ushauri gani. Wadanganyifu wapo, bado nawanusa kutoka mbali. Lakini fomu yenu ikiwa na visanduku viwili tu, ongezeni cha tatu, muandike Sijui, halafu mpelekeni mtu kwa anayejua. Mimi ningekuwa na hicho kisanduku, Mutua angebaki na kazi yake. Nilimwandikia barua ya kusema hivyo. Aliikunja akaitia mfukoni, hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Juzi alikuja bila kupiga simu, saa nne. Wiki hiyo ilikuwa imenilemea, huwa inatokea. Viatu vilikuwa chini ya kitanda, vikavu, na udongo ulikuwa hapo nje mvua imeulowesha tayari. Sikuvigusa. Mutua alivivuta, akapitisha kidole, akanitazama.

"Siku ngapi?"

"Tatu," nikamwambia.

Akavikung'uta vumbi mlangoni, akatia mkono ndani kuangalia, kisha akaviweka mbele ya miguu yangu. "Vaa twende," akasema.