Siku Bibi Alipoambiwa Aonyeshe Kadi

Mwezi uliopita nilikuwa mjini, mtaa wa Kashai, natafuta bodaboda ya kunipeleka stendi. Dereva mmoja mwenye mvi aliangalia rangi ya kitambaa nilichojifunga kichwani, akaniuliza, "Mama, wewe ni wa kwetu au wa kwao?" Nikamwambia mimi ni abiria. Alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilinirudisha kijijini Izigo, kwa jirani yetu mmoja niliyeanza kumdharau nikiwa na miaka kumi. Nisamehe, ndugu yangu, lakini namdharau mpaka leo, ingawa yuko kaburini.

Nililelewa na bibi kwenye kibanja cha migomba na mibuni. Kazi yangu ilikuwa kuanua kahawa kila mawingu yalipopanda kutoka ziwani, na msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ukifika tulikaa kizingitini tukiwanyonyoa mabawa mpaka vidole vinanata mafuta. Zamani kibanja kile kilikuwa mali ya jirani huyo. Bibi na babu waliishi pale kama watwarwa wake, yaani wapangaji wa ardhi yake, wakimpelekea kahawa na mitungi ya rubisi, pombe ya ndizi, kila msimu. Siku hizo jirani alivaa tai, na Chama kilichodai Uhuru alikiita chama cha watembea peku. Mpangaji aliyekutwa na kadi ya Chama alifungashiwa virago. Bibi akakata kadi hata hivyo, akaichomeka kwenye nyasi za paa juu ya meko, ikawa nyeusi kwa moshi.

Uhuru ukaja. Baadaye watwarwa wakapewa ardhi waliyoilima, na jirani akavua tai jioni, akaamka na shati la kijani la Chama. Mdomo uleule uliotutukana ukajifunza kusema "ndugu wananchi". Akawa balozi wa nyumba kumi. Ujamaa ulipoingia na tukawa na shamba la kijiji, sisi tulishika majembe, yeye akashika filimbi. Sijapata kuona mtu anayependa kazi ya wenzake kama yule.

Kisha ukafika uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, na mwalimu alitupanga mbele na ngoma zetu. Likasomwa jina moja tu, la jirani. Watu wakaanza kupiga makofi, bibi akasimama.

"Samahani, waitu," alisema kwa adabu ya kwetu. "Jina la pili liko wapi?"

Jirani aliinuka mwenyewe kumjibu. "Mama, hapa wanauliza wanachama. Onyesha kadi."

Bibi akafungua fundo la khanga, akaitoa. Jirani akaishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya mfu.

"Haya ni masizi," akasema. "Huyu si mwenzetu. Mwenzetu hawezi kuuliza swali la kibaraka." Akaitia kadi mfukoni mwake.

Nilitazama wazee waliokuwa wameficha kadi zao pamoja na bibi, enzi zile kadi ilipokuwa hatari. Wote walikuwa wanakagua vidole vyao vya miguu. Mwalimu akaninyooshea kidole, maana mimi ndiye nilikuwa naanzisha nyimbo. Tulikuwa na wimbo wa kuwafukuza vibaraka. Nikauanzisha. Nilikuwa na sauti nzuri, na siku ile niliitoa yote.

Wakaulizwa wanaokubali, mikono ikapanda. Wakaulizwa wanaokataa, ukapanda mkono wa bibi peke yake. Jirani akautazama mkono ule, akatangaza, "Wote wamekubali."

Nyumbani bibi alimenya ndizi, akazipika na maharage, akanipakulia kwenye jani kama siku zote.

"Umeimba vizuri," akaniambia.

Hakusema kwa kejeli. Niliacha chakula, nikatoka kwenda kulia kwenye mibuni.

Tangu siku hiyo, sukari ikiletwa dukani, bibi aliambiwa akae pembeni na wasio na kadi. Tukanywa chai chungu. Lakini kila Jumapili baada ya misa alipita kwa jirani, akasimama uani mbele ya wageni wake na kusema, "Nimekuja kuchukua kadi yangu." Akajibiwa njoo kesho. Alikwenda miaka na miaka, na kadi hakuipata. Vyama vingi viliporuhusiwa, jirani alikuwa wa kwanza kulikunja shati la kijani, akapanda jukwaani kusema amepigania demokrasia maisha yake yote. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha, aliisikia sauti hiyo kwenye kipaza sauti, akaniuliza, "Leo amevaa rangi gani?"

Uwanja ule sasa umejengwa madarasa. Mibuni imekatwa. Rangi zimeongezeka, zinapepea mpaka kwenye pikipiki, lakini sijamwona tena mtu aliyechagua upande wakati upande huo unaweza kumkosesha nyumba.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake, nilimwomba bibi msamaha kwa ule wimbo. Akanitafuta mkono kwa kupapasa.

"Ulikuwa mtoto, uliimba ulichofundishwa," alisema. "Wale wazee walijua maneno mengine."