Milango ya Buluu kwenye Gari Jeupe

Gari letu ni jeupe na milango yake ya nyuma ni ya buluu. Ni gari la mizigo, mbele viti vitatu, nyuma chumba kitupu, na limenizidi umri. Papa analitumia kubebea viazi kutoka Mudende hadi sokoni, na siku ambazo hakuna viazi anabeba chochote kile: magodoro, mabati, mara moja wapiga ngoma wa harusi pamoja na ngoma zao.

Mimi nalipenda kwa sababu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nina aibu sana. Darasani mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, ninalimeza. Lakini nikikaa mbele pembeni ya papa, wote wawili tunaangalia barabara, hakuna anayenitazama usoni, basi maneno yanatoka yenyewe. Karibu yote ambayo papa anayajua kuhusu mimi niliyasema tukiwa njiani kutoka Mudende.

Kwa hiyo mama aliposema gari liuzwe, sikulia mbele yake, nilikwenda kulia ndani ya gari.

Mama alikuwa na haki, hilo nakubali. Yeye ni fundi wa nguo, na furushi la sare za shule alizozishona kwa siku nyingi ndilo lililoharibu mambo. Papa na mimi tulikuwa tunalipeleka Kanama. Milango ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu, tumeifunga kwa kamba tu. Kwenye mteremko kamba ikakatika, mlango mmoja ukang'oka na kubaki barabarani, na sare zikaufuata. Ilikuwa imenyesha. Basi dogo lililokuwa nyuma yetu likapita juu ya sketi kabla dereva hajaelewa ni nini kile. Watoto wa pale walitusaidia kuokota, wakicheka.

Mama hakupiga kelele. Alizifua zote upya, akazipiga pasi zote upya, siku nzima. Jioni ndipo aliposema.

"Iuze. Kuko mutu moja wa Kanama anaitaka. Atakuja samedi, kisha umuganda."

Papa aliangalia sahani yake. "Na nikipata milango ingine?"

"Ukipata, na zikifunga vizuri kama mulango ya nyumba, mbele ule mutu afike hapa, gari itabaki. Zisipofunga, unamupatia funguo bila maneno. Ni sawa?"

"Ni sawa." Yaani milango ifunge kabla mtu wa Kanama hajafika Jumamosi, baada ya kazi ya umuganda.

Papa akaipata milango huko Mbugangari, nyuma ya gereji, kwenye gari la aina ileile lililokufa zamani. Ilikuwa ya buluu, na mstari wa njano umepita kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Akaileta Ijumaa mchana pamoja na tonton, yaani mjomba. Huyu tonton si ndugu yetu wa damu. Ni fundi wa mabati ya magari, rafiki wa papa tangu ujana wao kule Congo, na anakuja kwetu kula bila kualikwa, basi ni tonton.

Uani kwetu hakuna udongo wa kusema udongo. Ni mawe meusi ya volkano, yamepanda na kushuka yanavyotaka. Na gari letu breki ya mkono ilishakufa, kwa hiyo papa huliegesha akipandisha gurudumu la nyuma la kushoto juu ya jiwe moja pana, lisije likashuka lenyewe hadi kwenye maharage ya jirani. Ni pale pale kila siku. Na ni pale pale walipofungia milango.

Niliporudi kutoka shule nilipewa kazi: kukaa ndani ya gari, milango ikiwa imefungwa, na kusema mwanga unapenyea wapi. Ndani kulikuwa giza na harufu ya viazi. Hakuna aliyeniona. Nikajikuta napiga kelele kama muuza samaki.

"Juu! Kulia, juu! Sasa chini! Mwanga mwingi chini!"

Nje tonton akaacha kazi. "Ehe! Kumbe huyu mutoto iko na sauti! Miaka yote mi nilizani alizaliwa bubu!"

"Ni ya gari tu," papa akasema. "Ukimutoa humo inazima."

Niliona haya peke yangu gizani, lakini nilicheka.

Kazi yenyewe ni ya kuvumilia. Unalegeza boloti za bawaba kidogo, si sana. Unaweka kriki, kile chuma cha kunyanyulia gari, chini ya mlango, na kipande cha ubao na kitambaa katikati ili rangi isikwaruzike. Unaunyanyua mlango kwa unene wa ukucha. Pengine unaingiza kijiduara cha chuma nyuma ya bawaba ili usogee nje. Unakaza. Unafunga polepole, unatazama. Halafu unalegeza tena, kwa sababu ulipoponya juu umeumiza chini. Na kitasa, tonton alisema, huwa cha mwisho. Papa hakuwa na moyo huo. Yeye alitaka kukigonga kitasa kwa nyundo tangu mwanzo.

"Gonga tu kidogo pale, kitaingia."

"Patron, acha. Mulango ingali inalala. Ukirekebisha serure sasa ni kama kumufunga mulevi kravati kwa shingo. Itakaa muzuri, lakini mutu mwenyewe iko chini."

Kabla jua halijazama, mstari wa njano ulikutana. Ulipita kutoka mlango hadi mlango kama umechorwa kwa mkono mmoja bila kupumzika. Papa akafungua, akafunga. *Pa.* Akafungua, akafunga tena. Alikuwa na uso wa mtoto. Akamwita mama, naye akatokea mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nimesikia," akasema. "Lakini mi siangalii gari mu parcelle, humu uani. Kesho nitaiangalia kwa barabara, fasi watu wote wanaiona."

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, asubuhi ile ambayo kila mtu yuko nje na jembe au fagio na magari hayatembei. Tulisafisha mtaro wa mtaa wetu. Papa alichimba kuliko wote, akiwasalimia hata watu ambao kwa kawaida hawasalimii. Mkutano wa mtaa unaofuata kazi ulipokwisha na magari yakaruhusiwa, akawasha gari, akalitoa uani hadi kwenye barabara ya mawe yaliyopangwa, mbele ya lango letu. Tonton alimfuata kwa miguu, bado na buti zenye tope. Papa akafungua milango kwa mbwembwe, akaifunga.

Haikufunga.

Mlango wa kulia ulikuwa umeshuka chini ya mwenzake kwa upana wa kidole. Kingo ziligongana, mstari wa njano ukakatika katikati kama ngazi. Kitasa hakikukaribia hata tundu lake. Papa akasukuma kwa bega. Akafungua, akafunga, polepole, kwa nguvu, akaubembeleza, akautukana.

"Jana ilifunga!"

"Mi niliona," tonton akasema.

"Donc hukukaza boloti."

"Mi? Mi nilikaza mpaka mukono ikakataa kushika kijiko! Ni hizi milango yako. Gari yao ilikufa, nazo zinataka kuifuata."

"Milango haina kosa. Leta nyundo."

"Nyundo utaniua nayo kwanza."

Simu ya mama ikalia ndani ya nyumba, na nikamsikia akielekeza njia: ukifika kwa wauza mkaa, panda kushoto. Mtu wa Kanama alikuwa kwenye pikipiki tayari. Nilisimama na boloti mkononi nikasali. Sitajifanya mwema: sikusali kwa ajili ya papa. Nilisali kwa ajili yangu, kwa sababu nilijiuliza nitazungumzia wapi sasa.

Mama akatoka. Nilidhani anakuja kusema mlisikia nilivyosema. Badala yake aliinamisha kichwa upande, akautazama mstari uliokatika, akalitazama gari zima kuanzia juu, kama anavyomtazama mteja aliyevaa nguo kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka akatazama uani, kwenye lile jiwe.

"Jana mulipimia wapi?"

"Mu parcelle," papa akajibu.

"Na gurudumu iko juu ya jiwe?"

Papa na tonton wakageuka kulitazama jiwe.

"Ayii," mama akasema. "Mi mutu akikuja nimukatie robe, kitu ya kwanza namwambia simama na miguu yote mbili. Akisimama na muguu moja, kiuno inapanda upande, nakata upindo yote upande. Akifika kwa kanisa akisimama vizuri, watu wananicheka mimi. Nyinyi mumepima gari yenye kusimama na muguu moja!"

"Gari ni chuma, mama," papa akasema, lakini si kwa nguvu.

"Rudisha uone."

Papa akalirudisha gari uani, gurudumu likapanda jiwe. Akashuka, akasukuma mlango kwa kidole. *Pa.* Mstari wa njano ukakutana vizuri kabisa. Tonton akakaa chini pale pale na buti zake, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Patron, bon! Tutabeba ile jiwe! Kila fasi tukifika tunaiweka chini ya gurudumu, tunafunga mulango, tunaendelea!"

Hata mama alicheka, ingawa alifunika mdomo. Miaka yote tumelizoea gari likiwa limeinama vile, hadi macho yetu yaliona ndiyo sawa.

Wakalileta tena barabarani, mahali palipo sawa, wakaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, wakaanza upya. Nikaingia ndani kwenye giza langu. Kutoka humo nilisikia jambo ambalo sikulitegemea: sauti ya mama ikiwa karibu sana na bati, akichora chaki kwenye ukingo.

"Inua. Inua kidogo. Fasi hapo. Umepita, shusha."

"Mama," tonton akasema, "si we ndiye unataka iuzwe?"

"Nyamaza, ushike kriki. Mi siwezi kuona kitu yenye kushonwa vibaya nikakaa kimya."

Nilitangaza mwanga: juu kidogo, katikati, chini kama uzi. Wao walilegeza, wakakaza. Uzi ule ukawa nusu ya uzi. Tonton akahamia kwenye kitasa, nikasikia bisibisi ikikwaruza. Ndipo nikasikia pikipiki inapanda kutoka kwa wauza mkaa. Ikakaribia. Ikasimama, ikazimwa, kabisa, hata nikasikia mtu akishuka na kuvuta koti lake.

Na baada ya hapo ndipo mlango ulipofunga. *Pa.*

Giza lilikuwa kamili. Sikuona mwanga popote.

"Muko na amani," sauti ya mgeni ikasema. "Bon, ni hii gari? Mulango inafunga muzuri kabisa! Mi naichukua."

Halafu nikamsikia papa, taratibu, kama mtu anayevua kofia.

"Mama. Alifika mbele mulango ifunge."

Ningeweza kumpiga. Kwa nini aseme? Lakini papa ndivyo alivyo, hata mizani ya sokoni ikimpendelea anasema.

"Nani alifika mbele?" mama akauliza.

"Huyu baba."

"Hapana. Mi nilisikia mulango kwanza."

"Mama, pikipiki ilikuwa..."

"Pikipiki inapiga kelele sana, haukusikia vizuri. Mi nilikuwa karibu. Mulango ilifunga, kisha huyu baba akafika." Akabadili sauti, akawa yule mama wa wateja. "Pole sana, baba yangu. Tulikubaliana gari yenye kukataa kufunga ndiyo tunauza. Hii imefunga."

"Donc mi nimetoka Kanama kusikiliza mulango?"

"Ingia ule kwanza. Viazi viko kwa moto, na maharage. Hautarudi na njaa, na huyu muzee atakurudisha na gari, hautalipa pikipiki."

"Na gari yenye mulinikatalia!"

"Utaonja tu namna inatembea," tonton akadakia, na mgeni, mwishowe, akacheka kwa pua.

Mimi nilikuwa bado mle ndani. Wote walikuwa wameingia kula kabla ya mtu kukumbuka kunifungulia, na mlango mpya haufunguki kutoka ndani. Sikujali. Nilikaa juu ya gunia, nikiwaza kwamba watu wetu watatu nje walijua kipi kilitangulia, na mimi wa nne, na mama alikuwa ameukana ukweli ule kwa sauti ya utulivu hivyo, mwanamke ambaye hunigomba nikisema nimefika saa saba kumbe ni saa saba na nusu.

Papa aliporudi kutoka Kanama alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mama cha kushonea. Mimi nilikuwa nimeshafunguliwa, nakunja vitambaa kwenye kona. Alisimama mlangoni. Alitaka kumshukuru, nilimwona anatafuta pa kuanzia, na mama akawa anakanyaga cherehani bila kumtazama.

"Kesho kutwa, lundi, unatengeneza breki ya mukono," mama akasema.

"Ndiyo."

"Hautaipandisha tena juu ya jiwe."

"Ndiyo. Hapana. Sitaipandisha."

"Na nguo zangu zitakaa mbele, si nyuma, mpaka nizoee."

"Ndiyo."

"Na dimanche yenye kukuja, kisha kanisa, utanipeleka Mudende kumuona mama yangu, na tutalala."

"Ndiyo."

"Na..." mama akasema, akasita, sindano ikiwa juu. Alikuwa anatafuta sharti lingine na halikuwepo.

"Ndiyo," papa akajibu.

Mama akainamia kitambaa haraka, kama mtu mwenye kazi nyingi, akakanyaga cherehani. Nilikuwa karibu, niliona. Hakuwa ameweka uzi.