Alikataa Kutia Saini, Kiwanda Kikamrudia

Saa moja asubuhi, Mama Chupa anapiga magoti ukingoni mwa mfereji ulio nyuma ya kiwanda cha vitambaa. Anazamisha chupa, anaifunika ingali majini, kisha anaiinua kwenye mwanga. Maji ni maangavu.

"Zamani ulikuwa ukiutazama mto unajua leo wanatia rangi gani," anasema. "Jumatatu mwekundu, Jumatano bluu. Watu wa bondeni hawakuhitaji kalenda."

Wafanyakazi walimbandika jina hilo kwa sababu haonekani bila kreti la chupa. Ni mwanasayansi wa mazingira, mwenye miaka 46, na mshauri wa kiwanda hiki hiki kilichomfukuza miaka kumi na miwili iliyopita.

Wakati huo alikuwa mpimaji wa maabara. Kila mwezi alipima maji taka, kila mwezi majibu yalikuwa mabaya. Siku moja meneja wa enzi hizo alimwekea mezani ripoti iliyokwisha kuandikwa kwamba maji ni salama.

"Akaniambia, 'Binti, tia saini tu, mambo yaishe.' Nikamjibu, 'Mzee, maji hayo mama yangu anafulia.'"

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa barabarani, mkoba begani, kazi hana.

Lakini kilichomchoma zaidi kilikuwa nyumbani. Kaka yake, mchanganya rangi kiwandani, aliacha kusema naye. Aliamini dada mtu anataka kiwanda kifungwe, watu 400 wakose riziki.

"Nilimuuliza mbele ya mama, 'Wanangu watakula hewa safi?'" anakumbuka kaka huyo, macho chini. "Ulimi hauna mfupa."

Kwa miaka tisa Mama Chupa alifundisha sekondari huku akisoma shahada ya uzamili. Kila Jumamosi alishuka mtoni kwa nauli yake. Sampuli 430 ziliingia daftarini.

Wakazi wa bondeni walipokwenda mahakamani kutaka kiwanda kifungwe, walimwita awe shahidi. Kila mtu alijua atakizika. Alisoma namba zake zote, kisha akamgeukia hakimu.

"Kosa lipo, mheshimiwa. Lakini dawa ya jipu ni kulitumbua, si kukata mguu. Maji haya yanasafishika."

Mahakama ilikipa kiwanda miezi kumi na minane kisafishe maji yake. Uongozi mpya wa kiwanda ukampigia simu siku ya tatu.

Haikuwa lelemama. Bwawa la kwanza la kusafishia lilikufa. Vijidudu vinavyokula uchafu havikumaliza wiki. La pili likafa vilevile. Miezi ikayoyoma.

Ndipo kaka yake alipoingia maabara bila kuitwa. Hawakuwa wamezungumza kwa miaka mingi.

"Nyinyi mnapima mwisho wa bomba," alisema. "Njoo uone mwanzo. Tunamwaga chumvi ya kushikisha rangi kama wendawazimu. Kiumbe gani ataishi humo?"

Wakabadili rangi, wakapunguza chumvi, ndugu wawili kwenye meza moja. Bwawa la tatu likaishi. Mwezi wa kumi na saba, maji yakafaulu vipimo vyote. Leo, katika kila lita kumi, saba zinarudi kutumika, na hakuna aliyepoteza kazi.

"Siku maji yalipofaulu nililia," anasema Mama Chupa. "Kaka akaniambia nisichafue sampuli."

Sasa anavitazama viwanda vitatu vya upande wa juu wa mto. Viwili vimekubali ushauri wake. Cha tatu hakijajibu barua zake mbili.

"Ya tatu siandiki," anasema. "Namtuma kaka. Akianza habari za chumvi, hakuna meneja atakayetoka salama."