Kelele za Sinyore Bruno

Ukipita kwetu Magarini baada ya chakula cha mchana, utasikia nyundo zikigonga mabati, minyororo ikiburutwa, na kitu kama msumeno unaokata reli. Usisimame njiani ukashangaa. Hakuna gereji pale. Ni mume wangu, Jefwa, amelala.

Majirani wamenisema hadi wamechoka. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza mbele za watu, baada ya ibada, kama akili zangu ziko sawa. Nikamwambia, "Mama Oliver, ungeishi na mtu asiyelala, ungeingiza treni ndani ya nyumba." Mimi sina maneno mengi, lakini niliyo nayo nayatumia.

Jefwa alikuwa mtu wa mashini ya posho. Tangu ujanani, kabla hajanioa, alisimama kando ya injini ya dizeli pale sokoni akisaga mahindi ya watu, unga umemganda mpaka kwenye kope. Masikioni hakuvaa kitu. Nani angemwambia avae? Aliijua ile injini kuliko alivyonijua mimi. Siku yake ya kupumzika, mwenzake akiiwasha, Jefwa aliacha tonge hewani. "Beliti inateleza ile," anasema, na mara hiyo ameshatoka mbio, mchicha wangu unapoa. Na sauti yake sasa! Mtu aliyezoea kuongea kando ya injini haongei, anapiga kelele. Hata kunitongoza alinitongoza kwa sauti hiyohiyo, soko zima likasikia, na nilikubali nusu kwa kumpenda na nusu ili anyamaze.

Kisha mwenye mashini akazeeka, wanawe wakaiuza injini na pale wakafungua duka la simu. Jefwa akarudi nyumbani kulima. Kwetu ni mbali na barabara, husikii ila kuku na mbuzi, nami nikafikiri sasa mtu huyu atapumzika. Kumbe ile injini ilikuwa imefunika kitu. Haukupita muda akaniuliza, "Mama Kahaso, nani anapiga filimbi?"

Hakuna aliyepiga filimbi. Mlio ulikuwa ndani ya masikio yake mwenyewe, mwembamba, haukatiki, mchana na usiku. Tulikwenda hospitali Malindi. Daktari, msichana mwenye adabu zake, alimmulika masikio kwa taa akatuambia ukweli: yameumizwa na kelele za miaka, na dawa ya kuuondoa mlio hana. "Baba, jaribu kuuzoea," alisema.

Hakuuzoea. Alikonda. Usingizi akawa anauiba tu, huku kidogo na huku kidogo, na kila akifumbua macho neno lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Bado unalia." Si umeamkaje, si chai iko wapi. "Bado unalia." Nililichukia neno hilo kuliko tusi. Siku moja tukiwa shambani alinishika mkono akasema taratibu, yeye ambaye taratibu haijui, "Mama Kahaso, kitu hiki kitanitia wazimu. Ukiniona naokota makopo barabarani, usinifuate." Nilimwambia aache upuuzi ashike jembe. Lakini niliogopa.

Ndipo kaka yake mkubwa, Mwaringa, alipokuja na jawabu. "Huyu ana pepo," akasema, kama mtu anayesema huyu ana mafua. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini wakati ule angekuja hata shetani mwenyewe na usingizi mkononi, ningempa kiti.

Mganga Dena alifika mchana na wapigaji ngoma wake. Kwa asiyejua, kazi yenyewe iko hivi: kila pepo ana ngoma yake. Mgonjwa hukalishwa mkekani na kufunikwa shuka, kisha hupigwa mdundo mmoja baada ya mwingine. Ukipigwa ule ambao pepo anautambua, mgonjwa huanza kuyumba, na hapo pepo huulizwa anachotaka. Basi wakapiga ngoma ya pepo wa Kiarabu, wakapiga ya Kisomali, wakapiga za msituni na za baharini. Jefwa alikaa chini ya shuka kama gunia. Ila mimi niliyekuwa karibu naye niliona jambo: ngoma zikilia, mabega yake yanashuka, zikikoma, yanapanda tena. Wapigaji walipopumzika kunywa maji alijifunua shuka, machozi yanamtoka. "Mbona mmeacha?" akauliza.

Dena alijifuta jasho akasema pepo huyu si wa huku, ngoma yake yeye hana. Akaenda zake. Mwaringa akabaki ananitazama kana kwamba hiyo ngoma nimeificha mimi chini ya kitanda.

Siku zile nilikuwa nikifanya kazi Malindi mjini, nyumbani kwa Mwitaliano mmoja mzee, Sinyore Bruno. Nilimpikia na kumfulia kwa miaka, tukizungumza kile Kiitaliano chetu cha Malindi, nusu kwa mdomo na nusu kwa mikono. Afya ikamshinda, bintiye akaja kumchukua ampeleke kwao. Siku ya kufunga mizigo alinipa redio kaseti yake na katoni iliyojaa kanda. Akaanza kunieleza habari za hizo kanda, mambo ya ujana wake, lakini binti alikuwa ameshaanza kupiga honi. Redio niliifurahia. Kanda nazo niliziwekea mpango wangu: ukiziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi, unarekodi upya, na kwaya yetu ilitaka kanda za mazoezi.

Nilipofika nyumbani nikasema ngoja kwanza nisikie kilichomo. Nilitegemea nyimbo za mapenzi, kama zile za mahotelini, mtu analia amore, amore. Nikabonyeza.

Salaale! Chuma kikapiga chuma, ngaa, ngaa, ngaa. Pipa likaburutwa sakafuni. Mtu akapiga yowe huko mbali, kama yumo ndani ya tangi la maji. Kisha injini ikaanza kunguruma chini ya hayo yote na haikunyamaza tena. Kwanza nilidhani redio imeharibika. Halafu nikadhani Sinyore, Mungu anisamehe, amenifungia wachawi wa kwao kwenye katoni. Nikanyoosha kidole nizime.

"Usizime!"

Alikuwa Jefwa, yuko mlangoni na jembe mkononi. Aliingia na matope yake, akakaa kwenye kiti kando ya redio, akainamisha kichwa. Nilipotaka kumuuliza anasikiliza nini katika uharibifu ule, akaninyamazisha kwa kidole. Punde akatabasamu. Meno ya mume wangu nilikuwa nimeyasahau.

"Beliti inateleza," alisema. "Unasikia? Hapo. Na huyu anayegonga ana mpango wake, anagonga tatu, anaacha, anarudi. Hii si fujo, Mama Kahaso. Hawa ni watu wanaopiga muziki kwa mashini."

"Na mlio je?"

Alisikiliza. Alisikiliza kwa muda, nami nimeshika ukingo wa meza. "Upo," akasema. "Lakini umejibanza huko nyuma."

Kisha akalala. Palepale kitini, mdomo wazi, jembe limeegemea goti lake. Nilimwekea kiganja puani nihakikishe pumzi zinatoka. Nilipozihisi, nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti yangu yote, na kwa kelele zile hakuna aliyenisikia. Nililia kwa raha. Upande mmoja wa kanda ulipokwisha niliigeuza upesi kuliko ninavyogeuza chapati inayoungua. Kwaya yetu mpaka leo haijapata kanda.

Mwaringa alipokuja akasikia, aliruka. "Bahi, si nilisema! Ni pepo wa Kizungu! Ndiyo maana ngoma zetu hakuzijua!" Dena akaitwa tena, akathibitisha. Pepo wa Kizungu, wanaomjua wanasema, hutaka biskuti, soda baridi na kitambaa cheupe mezani.

"Shemeji," nikamwambia Mwaringa, "vilete."

Akavileta. Jefwa akala biskuti, akanywa soda, akalala. Kila mtu alikwenda kwake ameridhika. Dena alinivuta pembeni akaniomba nimwazime kanda moja, ana mgonjwa wake Jilore. Nilimwambia hata anishikie panga, simpi.

Tukaishi vizuri. Jefwa akanenepa, akarudi kugombana nami kwa mambo ya maana, kama chumvi. Halafu alasiri moja redio ikaitafuna kanda. Tulipojaribu ya pili ikaitafuna nayo, kisha ikatoa moshi. Fundi wa mjini aliifungua, akaiangalia kama maiti, akasema vipuri vyake havipatikani tena. Asubuhi iliyofuata mume wangu alifumbua macho, akatazama dari.

"Bado unalia."

Nilichukua simu nikamrekodia Sinyore ujumbe kwa namba ya bintiye, nikamweleza yote, injini, filimbi, ngoma, biskuti, na mwisho nikamsihi: kama una namna yoyote ya kunipatia zile kelele zako, nipatie. Jibu halikuja. Siku zikapita, Jefwa akaanza tena kukaa nje peke yake akiwa ameziba masikio kwa viganja, kana kwamba mlio unatoka nje. Nikasema basi, Sinyore wa watu amekufa, na sisi tumekwisha.

Hakuwa amekufa, alikuwa amelazwa. Sauti yake ilikuja imechoka, inacheka na kukohoa. Alisema zile kanda alizipiga yeye na wenzake wawili miaka ya themanini, ndani ya kiwanda cha chuma alichofanyia kazi baba yake. Waliingia Jumapili kikiwa kitupu, wakagonga kila walichokikuta. Walitengeneza nakala kwa mikono yao na hakuna aliyezitaka. Walipopiga mbele ya watu, watu walitoka mmoja mmoja mpaka ukumbi ukabaki viti. Mama yake alisema ule si muziki, ni kitu cha kumnyima mtu usingizi. Hapo nikamsikia akipenga kamasi.

"Nyevu," akaniita kwa jina langu, "miaka yote hii nilikuwa naona haya. Mwambie bwana wako hakuna mtu aliyewahi kuzihitaji kabla yake."

Binti akazituma zote kwenye simu yangu. Huko kwao, alisema, siku hizi wapo watu wachache wanaozitafuta kelele za miaka ile, na mmoja wao alikuwa amemhamishia baba yake nakala alizozipata kwenye kompyuta. Mwanangu Kahaso akatuma spika kutoka Mombasa.

Mchana wa siku spika ilipofika nilimwekea Jefwa kiti chake, nikabonyeza, chuma kikapiga chuma. Alilala kabla hata pipa halijaburutwa. Nikakaa nachambua mchicha, nyundo zikigonga, hadi simu ikaisha chaji na nyumba yote ikanyamaza ghafla. Niliganda na jani mkononi. Kuku alilia nje. Jefwa akajigeuza, akafumbua macho, akatazama dari, nami nikalingoja lile neno.

"Mama Kahaso," alisema, kwa sauti yake ileile ya sokoni, "nyumba hii haina chai?"