Bi Verna wa Mlango wa Jikoni

Bi Verna Tuttle mie sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Mtu gani haingii kwa mlango wa mbele? Kila Jumanne alizunguka nyuma ya nyumba yangu akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kupasua vioo, ndipo abishe mlango wa jikoni na bakuli lake la makaroni na jibini.

Alijitolea katika shirika la kuwafariji wanajeshi hapa mjini kwetu, nje ya kambi, North Carolina, Marekani. Miaka kumi na tisa anafunga vifurushi vya kupeleka vitani: soksi, kahawa, barua za watoto. Mwanawe wa pekee, Curtis, alikuwa huko, kikosi kimoja na mume wangu Lyle, na nyumba zetu zilitazamana. Hayo nilijua. Nilichotaka kujua ni kile kidaftari alichoandikia kila nilipomjibu.

"Lyle anapenda nini siku hizi?" huniuliza, kalamu mkononi. "Na wewe Renita, unalala vizuri?"

Hee! Usingizi wangu unamhusu nini? Wake wa askari walinong'ona kwamba wakubwa kambini wanajua nani ana mgeni wa kiume, nani karopoka tarehe ya mumewe kurudi. Nani anawapelekea habari? Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako.

Siku moja nikamvaa. "Bi Verna, unanyatia nini huku nyuma?"

"Mwizi gani ananyatia akiimba, we binti?" Akacheka, kisha akaacha. "Mbele ni pa wale wawili. Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka keki kwa mke wa askari, mimi na mchungaji, tumevaa nguo nyeusi. Akatuona dirishani. Tulimkuta sakafuni, hajitambui, na mumewe mzima wa afya huko aliko! Tangu hapo naimba."

Hapa kwetu hakuna asiyewajua wale wawili wanaotumwa na jeshi. Huja na sare za sherehe, hawapigi simu kwanza, na habari yao ni moja tu: wako amekufa. Hata hivyo, kidaftari nilizidi kukitazama kwa jicho la pembeni.

Jumanne iliyofuata alikuwa jikoni kwangu akikwangua bakuli, gari jeusi likaingia mtaani polepole. Mapazia yakafungwa nyumba zote. Wakashuka wawili. Mmoja akatazama kikaratasi, akatazama nyumba yangu. Mungu nisamehe, niliomba waende kwa mwingine yeyote.

Wakavuka barabara. Wakabisha kwa Bi Verna.

Nilipogeuka, alikuwa ameshaona. Kidaftari kilikuwa wazi mezani: "Curtis, soksi nene, pilipili ya chupa. Lyle, karanga. Renita halali usiku, mpelekee chakula."

"Bi Verna..."

"Wacha wabishe. Mwenyewe hayupo." Aliendelea kukwangua bakuli lililokwisha kutakata. "Nipe dakika tano, binti. Dakika tano hizi bado nina mtoto."

Nilimpa. Kisha tukavuka pamoja.

Jumanne baada ya mazishi nilipika makaroni, yakaungua. Nikayabeba vivyo hivyo, nikazunguka nyuma ya nyumba yake. Na mimi, ambaye kanisani huambiwa nifungue mdomo tu nisitoe sauti, nilianza kuimba tangu barabarani.