Mifupa Iliyooshwa Kambi Muru

Ilikuwa sauti kavu, nyepesi, kama magunzi ya mahindi yakimwagwa sakafuni. Mama alikuwa akivuta begi la dada yangu kutoka chini ya kitanda ili apate kufagia, na kila alipolivuta, ndani kukasikika: ko, ko-ko, ko. Akaacha. Akaliinua kidogo, akalitikisa, na sauti ikaja tena.

"Huyu mtoto amebeba nini?" akauliza.

Sikujua. Nilikuwa nimekuja Jumapili hiyo kutoka Kawangware, nilikofanya kazi ya kusuka nywele, na dada alikuwa bado hajatoka kanisani. Alikuwa amerudi nyumbani wiki hiyo kwa sababu chuo kikuu kilikuwa kimefungwa. Miaka hiyo ya tisini chuo kilifungwa mara kwa mara. Wanafunzi waligoma, wakafukuzwa, kila mtu akaenda kwao. Wa kwetu alikuja Kambi Muru, huku Kibera, kwenye chumba kimoja, na begi hilo la buluu.

Tulizaliwa wasichana wawili, na mfadhili alichukua mtoto mmoja tu kwa kila nyumba. Ndiyo ilikuwa kanuni ya mradi wa kanisa. Dada alikuwa na kichwa cha masomo na mimi nilikuwa na kichwa cha kucheka, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufikiri sana. Mimi niliishia darasa la nane, nikaingia saluni. Yeye alisomeshwa hadi chuo cha udaktari na wazee wawili wa ng'ambo ambao tuliwajua kwa picha tu: bibi, bwana na mbwa wao. Sikumwonea kijicho. Nilikuwa nimeshajipangia mambo. Yeye angefungua kliniki mtaa wa Riruta Satellite, mimi ningekaa mlangoni nikiita wagonjwa, na dirishani pangekuwa na pazia la kijani. Pazia nilikuwa nimeshalichagua. Kilichotakiwa ni kimoja: asianguke mtihani. Mfadhili alikuwa amesema wazi kwamba akianguka mwaka huo wa kwanza, msaada unaishia hapo. Na mtihani ungekuja mara tu chuo kikifunguliwa.

Mama akafungua zipu. Juu kulikuwa na koti jeupe. Chini ya koti, fuvu la kichwa.

Hakupiga kelele. Alilirudisha koti polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala, akatoka kumwita mwenye nyumba wetu. Huyo alikuwa mama mzee wa Kinubi, aliyezaliwa Kibera hiyohiyo kabla sisi watu wa kutoka ziwani hatujafika, na wapangaji wote tulimwita Haboba, yaani nyanya kwa lugha yao. Akaja na tasbihi mkononi, akachungulia.

"Subhanallah. Huyu ni mtu."

"Ni mtu," Mama akasema. "Na analala chini ya kitanda changu tangu Jumatano. Ndiyo maana nimekuwa nikiota."

"Unaota nini?"

"Naota tu."

"Tulia, mama. Huyu msichana wako si ni wa udaktari? Hao husoma na watu. Lakini hata kama ni wa kusoma, ona walivyomchafua! Wamemchorachora kama ukuta wa choo."

Ilikuwa kweli. Kila mfupa ulikuwa na mabaka ya rangi, nyekundu hapa, buluu pale, na mengine yamefifia kwa kushikwashikwa.

Kwetu maiti huoshwa kabla ya kusafirishwa nyumbani. Kwa Haboba huoshwa kabla ya kuswaliwa. Wanawake hao wawili, ambao waliwahi kununiana muda mrefu kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, siku hiyo hawakubishana hata kidogo. Mimi nilitumwa maji. Haboba akaleta sabuni ya kipande na beseni jipya. Mama alisugua, Haboba akamimina, wakizungumza kwa sauti ya msibani.

"Alikuwa mwanamume?"

"Na meno madogo hivi? Mwanamke."

"Masikini. Ana watoto mahali."

Rangi ilipogoma kutoka, Mama alitia majivu, kama anavyosugua sufuria.

Dada aliporudi, mifupa ilikuwa imepangwa juu ya mkeka, myeupe kabisa, imefunikwa leso ya Haboba. Alisimama mlangoni na Biblia yake. Akainua leso. Akachukua mfupa wa paja, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Rangi iko wapi?"

"Tumeitoa," Mama akasema kwa fahari. "Ni majivu imetoa."

"Mama, rangi ndiyo masomo."

Akaeleza. Nyekundu ilionyesha mahali msuli unapoanzia, buluu mahali unapoishia. Mifupa hiyo alikuwa ameirithi kwa mwanafunzi wa mbele yake, naye kwa wa mbele yake, na kila mmoja aliongeza alichojua. Wote walisoma kwa kuitazama. Kitabu cha kueleza hayo yote alikuwa nacho kimoja, tena kilichochanika.

"Si ungesema!" Haboba akaruka. "Unaleta mgeni nyumbani, humtambulishi kwa watu, halafu unataka tujue ameandikwa nini?"

Mimi nikacheka. Dada akanitazama, akacheka kidogo naye, kisha akaketi juu ya jerikeni la maji na kuufunika uso.

"Na nikianguka?" akasema ndani ya viganja.

 Mama akasema mgeni hawezi kulala hapo tena. Aliyekwisha kuoshwa hakai, lazima aende mahali. Basi jioni hiyo hiyo tulipanda hadi mtaa wa Olympic, tukavuka Ngong Road, tukampeleka kwangu Kawangware, dada akishika mkono mmoja wa begi na mimi mwingine.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya saluni. Mwenzangu wa kazini alipochungulia na kuona fuvu mezani, alishika kiuno.

"Niaje, siku hizi unasuka wafu?"

"Angalau hawa hawalii nikivuta."

"Na hawalipi!"

Wino wa kalamu ulikataa kushika kwenye mifupa, ukawa unateleza na kufutika. Nikaenda saluni nikaleta rangi ya kucha. Nyekundu ilikuwepo. Buluu hakuna aliyekuwa akipaka enzi hizo, kwa hiyo nikampa ya fedha. Kila nilipofunga kazi tuliketi kitandani, mimi nikisoma kitabu, yeye akipapasa mfupa macho yamefungwa mpaka apate kijinundu au kishimo nilichotaja, ndipo apake. Majina yalikuwa marefu kama treni ya Kisumu.

"Hapana, rudia."

"Siwezi, ulimi umechoka."

"Rudia, sister. Nitaulizwa hilo."

Nikarudia. Yeye alipaka vibaya, ovyo kuliko mteja anayejipaka mwenyewe, nikamnyang'anya brashi. Tangu hapo yeye alionyesha kwa kidole na mimi nikapaka.

Redio ilipotangaza chuo kimefunguliwa alikuwa bado na miguu yote miwili ya kumalizia. Tuliimaliza usiku mmoja, akaondoka asubuhi akiliacha begi kwangu, akisema sasa yote yako kichwani. Wiki za mtihani sikumwona. Nilisuka watu, nikasikia habari za wachumba wao, na mara nyingine nikasahau nilichosikia.

Alikuja Jumamosi moja, saluni imejaa, nikiwa katikati ya kusuka kichwa cha mama mmoja.

"Nimepita," akasema.

"Kwa ngapi?"

"Kwa kupita."

"Hongera, daktari," akasema yule mama, hata hakugeuka. "Mimi hapa mgongo unaniua, hebu nishike."

Dada akamshika mgongo, kwa adabu. Kisha akaniambia kuna kijana wa nyuma yake masomoni atakuja jioni kuchukua mifupa, na yeye anakimbia Kambi Muru kumwambia Mama. Baadaye nilisikia kwamba Haboba alipopata habari alisema hilo linajulikana, mtu akioshwa vizuri huleta heri.

Nilipomaliza kile kichwa niliingia chumbani kulitayarisha begi. Kila kitu kilikuwepo. Mifupa ya kiganja ilikuwa imetungwa kwa uzi wa kuvulia samaki, na kwenye kidole gumba rangi ya fedha ilikuwa imebanduka. Nikachukua kichupa, nikakilaza kile kiganja juu ya changu, nikapaka pale palipobanduka, nikapuliza mpaka pakakauka.